Calipari na Arkansas: tumpime kwa miaka ipi?

BodiNaPete · #1

Wakuu salaam.

Msimu wa kikapu cha vyuo vya Marekani unaanza tena mapema Novemba hii ya 2025, na kule kwenye uzi wa NBA watu wameshaanza kuvutana kuhusu John Calipari. Huyu anasema mzee amekwisha, yule anasema Arkansas wanabeba kombe. Nimeona tumfungulie uzi wake. Nimemfuatilia tangu fainali ya 2008, na naona kila mtu ameshika kipande kimoja cha safari yake na kukifanya ndiyo safari nzima.

Kwa wasiomjua: ana miaka 66, alikaa Kentucky miaka 15, na Aprili 2024 akahamia Arkansas kwa mkataba wa miaka mitano, takriban dola milioni 7 kwa mwaka. Vyuo vyote viwili viko ligi moja, SEC, kwa hiyo kila msimu anakutana na waliokuwa waajiri wake.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1988 alipewa UMass (Chuo Kikuu cha Massachusetts), timu iliyokuwa na miaka kumi ya kushindwa mfululizo. Msimu wa kwanza alishinda mechi 10 akapoteza 18. Msimu wa nne ameshinda 30 na kupoteza 5. Msimu wa nane, 1995-96, ameshinda 35, amepoteza 2, na yuko nusu fainali ya taifa na Marcus Camby. Jumla pale: ushindi 193, vichapo 71. Memphis, kuanzia 2000 hadi 2009, alishinda 252 na kupoteza 69, na misimu minne ya mwisho hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 33. Kabla yake hivyo havikuwa vyuo ambavyo kinda bora wa nchi angevifikiria kwanza.

Kentucky ni hadithi nyingine. Pale alikuta kiti cha enzi tayari, na jumla yake ni ushindi 410, vichapo 123. Ukiiangalia jumla hiyo unaona mfalme. Ila ikate vipande. Misimu sita ya mwanzo: ushindi 190, vichapo 38, nusu fainali ya taifa mara nne (2011, 2012, 2014, 2015) na ubingwa wa 2012 pale New Orleans, Kansas akilala 67-59. Misimu mitano ya mwisho: ushindi 105, vichapo 52. Na katika hiyo mitano, kwenye mashindano makubwa ya taifa ya mwezi Machi alishinda mechi moja tu. Moja! Ile dhidi ya Providence mwaka 2023. Mashindano ya 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, hilo nalikubali. Lakini 2021 hakufuzu kabisa (ushindi 9, vichapo 16), 2022 akatolewa na Saint Peter's, 2024 akatolewa na Oakland.

Hoja yangu ni hii. Calipari ni mjenzi zaidi kuliko mtunza enzi. Sehemu yenye watu wenye njaa, ambayo haijazoea kubeba makombe kila kukicha, ndiyo inayomtoa uwezo wake. Arkansas iko karibu zaidi na UMass na Memphis kuliko Kentucky. Ndiyo maana naamini kabla ya 2029 atafika nusu fainali ya taifa tena. Karibuni, nipingeni kwa hoja.

MtupoHuru · #2

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka vitu viwili, na vyote vinauma.

Cha kwanza, ile nusu fainali ya UMass 1996 na ile fainali ya Memphis 2008 zote zilifutwa kwenye vitabu vya NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo. Camby alipokea fedha na zawadi za mawakala. Memphis ni suala la mtihani wa kujiunga na chuo wa mchezaji wao Derrick Rose, wakapokonywa ushindi wote 38 wa msimu ule. Calipari mwenyewe hakutiwa hatiani, sawa. Lakini unaposema alijenga, wenyeji wa sehemu zote mbili walibaki na ukurasa mtupu wakati yeye ameshapanda ndege.

Cha pili, Nets. Kuanzia 1996 hadi 1999 alifundisha New Jersey kwenye NBA, akashinda 72, akapoteza 112, akatimuliwa msimu wa tatu ulipoanza kwa ushindi 3 na vichapo 17. Kumbuka hilo, nitalirudia.

DadaRibaundi · #3

@MtupoHuru huyo wa Nets mwache, 1998 aliwapeleka mtoano, wakakutana na Bulls wa Jordan. Hapo nani angepona.

Mimi shida yangu na mleta uzi ni nyingine. Unasema misimu sita ya mwanzo na mitano ya mwisho kana kwamba mtu mwenyewe ndiye aliyebadilika. Kilichobadilika ni mchezo uliomzunguka, yeye akabaki palepale.

NBA walipoweka kanuni kwamba kijana lazima awe na miaka 19 na mwaka mmoja tangu amalize sekondari, Calipari ndiye aliyeielewa kuliko makocha wote. Akawaambia wazazi: nileteeni mtoto, nakaa naye mwaka mmoja, anaondoka tajiri. Mwaka 2010 wachezaji watano wa timu moja walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti (siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya): Wall, Cousins, Patterson, Bledsoe, Orton. Mwaka 2012 Anthony Davis na Kidd-Gilchrist wakaenda namba 1 na namba 2. Enzi ile timu pinzani nazo zilikuwa na vijana wa miaka 19 na 20, kwa hiyo mwenye vipaji vingi alishinda.

Halafu likaja korona. Wote waliocheza msimu wa 2020-21 waliongezewa mwaka mmoja. Mwaka huohuo wa 2021 ikaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu, na Julai fedha za jina na sura, yaani mchezaji kulipwa kwa matangazo, zikawa halali. Ghafla chuo kidogo kinakuwa na wanaume wa miaka 23 na 24. Mnajua Jack Gohlke wa Oakland alikuwa na umri gani siku ile anawapiga Kentucky pointi tatu mara kumi? Miaka 24. Alikuwa ametoka daraja la pili, chuo cha Hillsdale. Upande wa pili wako Reed Sheppard na Rob Dillingham, watoto wa mwaka wa kwanza, ambao miezi mitatu baadaye walichaguliwa namba 3 na namba 8 kwenye drafti. Oakland 80, Kentucky 76. Kwa vipaji Kentucky walikuwa juu maradufu. Kwa miili, uzoefu na utulivu walikuwa chini.

Kwa hiyo swali si kama anafaa sehemu ya njaa au ya shibe. Swali ni kama amekubali kwamba kinda peke yake hashindi tena mwezi Machi.

MwanaWaKatanga · #4

Ndugu zangu, mimi niko Lubumbashi, na humu mkimzungumza Calipari siwezi kukaa kimya kwa sababu ya Oscar Tshiebwe. Huyu ni mtoto wa hapa kwetu. Alitoka West Virginia akaenda Kentucky, na msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1. Akachaguliwa Mchezaji Bora wa Taifa 2022. Huku kwetu vijana waliokuwa wanapenda mpira wa miguu tu walianza kutafuta pete za kikapu.

Mechi ya Saint Peter's niliitazama mpaka mwisho. Oscar alifunga 30, akachukua ribaundi 16. Wakafungwa 85-79 muda wa nyongeza na timu iliyopangwa namba 15. Niliumia mno. Mtu anakupa 30 na 16, halafu wewe kocha unashindwa kumtafutia wenzake nafasi?

Lakini nitasema na upande wa pili maana haki ni haki. Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi, hakuruhusiwa kufanya kazi za matangazo ndani ya Marekani kama wenzake. Timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 ndipo alipofanya shughuli zake za kibiashara, nje ya mipaka. Na alipoamua kurudi msimu wa pili badala ya kukimbilia drafti, kocha alimpokea kama mwana. Familia nyingi za Kiafrika zinamwamini huyu mzee kwa jambo hilo.

MkaziLexington · #5

Mwana wa Katanga, jambo ndugu yangu. Mimi niko Lexington kwenyewe, mwaka wa tisa sasa. Ambao hamjui, mji huu una Waswahili wengi sana, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, na shuleni Kiswahili ni moja ya lugha kubwa za watoto baada ya Kiingereza na Kihispania. Wanangu wamekulia kwenye rangi ya bluu ya Kentucky, hawana habari na timu nyingine.

Niwape hali ilivyokuwa huku. Miaka ile ya mwisho ghalani ninapofanya kazi, asubuhi ya siku ya pili baada ya Oakland hakuna aliyezungumza. Watu wazima, ndevu zimejaa, wamenyamaza. Walikuwa wamechoka lakini chuo kilikuwa kimefungwa mikono: mkataba wa 2019 ulikuwa wa miaka 10, na kumtimua kungegharimu zaidi ya dola milioni 33. Kwa hiyo alipoondoka mwenyewe, wengi walishusha pumzi. Walipomchukua Mark Pope awe kocha ndipo wakafurahi hasa, maana Pope alikuwa nahodha wa Kentucky ya 1996. Ile ile iliyomtoa Calipari na UMass yake kwenye nusu fainali, 81-74.

Kisha ikaja tarehe 1 Februari 2025. Anarudi Rupp Arena, ukumbi wa Kentucky, kwa mara ya kwanza akiwa na jezi nyekundu. Arkansas wakati ule walikuwa wameshinda mechi moja na kupoteza sita kwenye ligi. Alipotoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani alizomewa na ukumbi mzima, nilikuwa nasikia kwenye televisheni mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Akashinda 89-79. Ndani ya Rupp. Mwanangu wa miaka 11 alilia. Na mimi, niseme ukweli wangu, nilimheshimu yule mzee usiku ule kuliko miaka yote aliyokuwa wetu. Alipangiwa kuaibika na akaiandaa timu iliyovunjika ikacheza bila woga.

BodiNaPete · #6

@MkaziLexington asante sana, hiyo ndiyo hali tusiyoipata kwenye takwimu.

Na hapo ndipo ushahidi wangu ulipo. Uangalieni mwaka wake wa kwanza kwa utulivu. Alifika hakukuta kikosi, karibu wote wameondoka baada ya kocha aliyemtangulia, Eric Musselman, kwenda chuo cha USC. Akajaza kwa waliomfuata kutoka Kentucky (Adou Thiero, D.J. Wagner, Zvonimir Ivišić), akaongeza Johnell Davis wa Florida Atlantic na kinda Boogie Fland. Wakaanza ligi kwa kupoteza tano mfululizo. Januari Fland akaumia kidole gumba. Baadaye Thiero naye akaumia. Timu ngapi zingekunja jamvi hapo?

Kutoka kwenye 1-6 (ushindi mmoja, vichapo sita) walimaliza ligi 8-10, yaani mechi kumi na moja za mwisho walishinda saba. Na hiyo ni SEC ya mwaka ambao timu 14 kati ya 16 zilifuzu kwenye mashindano ya taifa, jambo ambalo ligi nyingine yoyote haijawahi kulifanya. Wakaingia wakiwa wamepangwa namba 10. Wakamtoa Kansas 79-72, wakamtoa St. John's ya kocha Rick Pitino, iliyopangwa namba 2, kwa 75-66. Ndani ya siku tatu Arkansas walipata ushindi wa Machi mara mbili ya ule ambao Kentucky yake iliupata misimu mitano.

KisiginoChaJuu · #7

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye kikapu cha vyuo. Kupangwa namba 10 au 15 maana yake nini?

DadaRibaundi · #8

Karibu sana. Zinaingia timu 68, zikishachujwa zinabaki 64 katika makundi manne ya kanda, kila kundi timu 16 zinazopangwa kwa ubora kuanzia 1 hadi 16. Namba 1 anaanza na 16, namba 2 anaanza na 15, hivyo hivyo. Ukipoteza mechi moja unarudi nyumbani. Ndiyo maana namba 15 kumtoa namba 2 ni msiba wa mwaka mzima.

MtupoHuru · #9

Nilisema nitarudi.

@BodiNaPete umesimulia vizuri mpaka St. John's halafu ukakatisha. Malizia basi. Mechi iliyofuata, kumi na sita bora, na Texas Tech. Arkansas waliongoza kwa pointi 16 kipindi cha pili. Dakika tano za mwisho wako mbele kwa tofauti ya pointi zaidi ya kumi. Darrion Williams akasawazisha kwa pointi tatu sekunde zikiwa zimebaki kama kumi, kisha muda wa nyongeza akafunga bao la kuwatoa. 85-83.

Sasa weka hiyo kando ya nyingine. Fainali 2008: dakika mbili na sekunde 12 zimebaki, Memphis 60, Kansas 51. Wakakosa mitupo huru minne kati ya mitano ya mwisho, hawakumchezea faulo mtu ili kuzuia mtupo wa tatu, Mario Chalmers akarusha tatu sekunde mbili zimebaki, ikaingia, muda wa nyongeza Kansas wakashinda 75-68. Nusu fainali 2015: Kentucky wameshinda mechi 38 bila kupoteza, wanaongoza Wisconsin kwa pointi nne kipindi kikielekea mwisho, halafu wanapunguza kasi na zaidi ya mara moja saa ya mtupo (muda ambao timu lazima iwe imerusha) inaisha mpira ukiwa mikononi mwao. Wisconsin 71-64.

Miaka 17, vyuo vitatu, wachezaji tofauti kabisa. Kinachofanana ni nani? Nilitaja Nets kwa sababu hii. Kule hakukuwa na uwezo wa kusajili vipaji kuliko wengine, ikabaki ufundi wa benchi, na ufundi wa benchi ukampa ushindi 72 na vichapo 112. Calipari ni msajili mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea. Dakika za mwisho kwake ni jaribio la kulinda alichokipata, na mpira wa kikapu haulindwi kwa kusimama.

Sisemi kwa chuki. Ile ya 2008 nilikuwa nashangilia Memphis.

KochaWaVijana · #10

Nimekuwa msomaji tu humu muda mrefu, leo naomba niingie kwa sababu hili la #9 linanihusu kazini. Nafundisha kikapu vijana wa sekondari hapa Dar, miaka 14 sasa.

Kupunguza kasi ukiwa mbele si ujinga. Ukiongoza kwa nane na dakika tatu zimebaki, kila sekunde unayoila ni yako. Tatizo ni kile unachokifanya saa ya mtupo ikifika sekunde nane. Kama umeshapanga nani anapokea wapi, nani anakata kwenda kikapuni, nani amejiweka pembeni tayari kwa pasi, basi ule muda ulioula ulikuwa maandalizi. Kama mchezeshaji anadunda tu katikati na wengine wanne wamesimama wanamtazama, umempa mpinzani zawadi. Timu za Calipari nilizoziona zinapofungwa mwishoni, ni hiyo ya pili. Vijana wamesimama.

Na hili linarudi kwa Dada Ribaundi. Kijana wa miaka 19 mwenye kipaji, presha ikipanda, anataka mpira mkononi mwake. Ndivyo alivyofika hapo alipo. Kumfundisha kukata bila mpira, kuamini pasi itamfuata, hilo halifundishiki kwa miezi mitano. Mimi kwa vijana wangu linanichukua misimu miwili, na baadhi wanaondoka halijaingia. Mwangalieni Walter Clayton wa Florida waliobeba ubingwa wa 2025 kwa kuwafunga Houston 65-63. Alianzia Iona, alikuwa mwaka wa nne. Will Richard alitoka Belmont, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic akiwa ameshacheza nusu fainali ya taifa ya 2023. Kikosi kile kilirudi kutoka nyuma mara kadhaa mwezi huo na hukuona mtu anababaika.

Kwa hiyo @MtupoHuru namba zako ni za kweli, ila naona ugonjwa wa dakika za mwisho na ugonjwa wa kutegemea vijana wa mwaka mmoja ni ugonjwa mmoja.

MtupoHuru · #11

Kocha, hii nimeipokea. Lakini Memphis ya 2008 haikuwa ya watoto watupu. Rose alikuwa mwaka wa kwanza, ila Chris Douglas-Roberts alikuwa wa tatu na Joey Dorsey wa nne. Na Johnell Davis wa juzi alikuwa mtu mzima, ametoka timu moja na huyo Alijah Martin unayemsifia. Basi isiwe yote ni umri.

KochaWaVijana · #12

Kweli. Kwa Memphis nakubali, pale ni kocha. Hata kutochezea faulo ulikuwa uamuzi, au maagizo hayakufika kwa wachezaji, na yote mawili ni ya benchi.

DadaRibaundi · #13

Ndiyo maana mimi natazama kilichotokea kiangazi hiki kuliko kilichotokea Machi.

Wameondoka wazito. Thiero alichaguliwa raundi ya pili ya drafti, sasa ni wa Lakers. Fland amekwenda Florida, kwa mabingwa wenyewe. Ivišić amekwenda Illinois. Miaka ya Kentucky hapo Calipari angeita kinda watano wapya na kuanza upya kabisa, na Machi angekuwa na timu isiyojuana.

Safari hii wamerudi Wagner, Karter Knox, Billy Richmond na Trevon Brazile. Brazile ni mtu mzima hasa, amekaa Arkansas tangu enzi za Musselman. Kutoka nje wamekuja wakubwa wawili, Nick Pringle kutoka South Carolina na Malique Ewin kutoka Florida State. Juu ya hao ndipo anapoweka vipaji viwili vya mwaka wa kwanza, Darius Acuff na Meleek Thomas. Kwangu mimi huo ni mchanganyiko ambao Kentucky hakuwahi kuutaka kwa hiari. Acuff apewe mpira, lakini anayekata kikapuni awe mtu aliyeshawahi kupoteza mechi ya 85-83 na anaikumbuka.

Na mfuko upo. Tangu Julai 1, 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa kwanza. Juu ya hapo Arkansas kuna matajiri wanaopenda kikapu. John Tyson wa kampuni ile ya kuku ni rafiki wa Calipari wa muda mrefu, na inajulikana alikuwa na mkono katika kumleta.

MkaziLexington · #14

Fedha huku Kentucky pia zipo, na bado tunalia. Pope mwaka wa kwanza kashinda 24, kapoteza 12, kafika kumi na sita bora. Sawasawa na Calipari alipofika. Watu wa ghalani kwetu wanasema Pope kafaulu na Calipari kafeli. Nikiwauliza tofauti iko wapi, wananiambia subiri. Nafikiri tofauti ni kwamba Pope wanampenda.

MwanaWaKatanga · #15

Hilo la kupendwa lina uzito wake. Arkansas wanampenda?

BodiNaPete · #16

Wanampenda, lakini si bure. Naomba mjue historia ya pale. Nolan Richardson aliwapa ubingwa 1994, wakamfunga Duke 76-72, na mwaka uliofuata wakarudi fainali wakafungwa na UCLA. Ukumbi wao wa Bud Walton, uliofunguliwa 1993, unabeba watu zaidi ya 19,000 na ulijaa kwa ajili ya mpira wa Richardson, ule wa kubana uwanja mzima dakika zote 40. Halafu ukame. Baada ya 1996 walisubiri mpaka 2021 kuiona tena kumi na sita bora. Miaka 25! Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshamaliza chuo.

Aliyevunja ukame ni Musselman: nane bora 2021, nane bora 2022, kumi na sita bora 2023 kwa kumtoa Kansas aliyepangwa namba 1. Kwa hiyo kipimo cha Calipari pale si Richardson peke yake. Kuna mtu aliyemtangulia juzi tu ambaye ameshafika nane bora mara mbili. Calipari akiishia kumi na sita bora kila mwaka, watu wa Fayetteville, mji wa chuo hicho, watauliza milioni 7 ni za nini, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Baada ya kuwasoma nyote narekebisha hoja yangu. Niliposema ni mjenzi nilikuwa naangalia mwanzo wa kila safari. MtupoHuru na Kocha mmenionyesha mwisho wake. UMass na Memphis alijenga mpaka mlangoni, na mlango ukamshinda. Ulipofunguka 2012 alikuwa na Anthony Davis, mchezaji ambaye makosa ya dakika za mwisho yalikuwa yanaishia kwenye kiganja chake. Siondoi utabiri wangu wa nusu fainali kabla ya 2029. Ila sisemi tena ubingwa.

MtupoHuru · #17

Nami nasogea kidogo. Nilikuja hapa nikiamini Arkansas walinunua jina. Ile 7-4 ya mwisho wa ligi bila Fland sikuwa nimeihesabu vizuri, hiyo ni kazi ya kocha, huwezi kuiita usajili. Nusu fainali bado sikupi. Nane bora, sawa. Na msimu huu nitatazama kitu kimoja tu: wakiwa mbele kwa chini ya pointi kumi na dakika nne zimebaki, je, wale wanne wasio na mpira wanatembea?

KochaWaVijana · #18

Hicho hicho. Nitawakalisha vijana wangu watazame marudio na wahesabu.

KisiginoChaJuu · #19

Nimejifunza mengi leo, asanteni. Mechi zao huku kwetu zinakuwa saa ngapi?

DadaRibaundi · #20

Novemba wakisharudisha saa zao nyuma, tofauti na pwani yao ya mashariki ni saa nane. Mechi ya jioni inayoanza saa moja kwao, Dar na Nairobi ni saa tisa usiku. Mwana wa Katanga yeye Lubumbashi saa nane.

MwanaWaKatanga · #21

Nimezoea. Enzi za Oscar nilikuwa naamka saa hizo hizo, naweka sauti chini watoto wasiamke.